Kahawa ya Mfukoni

Kabla hatujatoka stendi ya Bukoba kwenda Muleba, mama aliyekaa mbele yangu alikuwa ameshamweleza mzee wa pembeni yake, asiyemjua, kwamba mwanawe Hafidhi amesoma Korea, na sasa ametengeneza programu ya simu ya kuwakutanisha wakulima wa kahawa na wanunuzi. Mzee alisikiliza kwa adabu hadi Kemondo.

"Kumbe yule ni wako, mama waitu," akasema. "Alifika kwangu kuandikisha wakulima. Nikampa kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote. Kwetu mgeni huitafuna hapo hapo, ndipo muaminiane. Yeye akashukuru vizuri, akaitia mfukoni. Nani atampa namba ya simu mtu wa namna hiyo? Korea imemharibu."

"Korea imemfundisha kazi," mama akajibu. "Hawa waliobaki hapa wanatafuna vizuri sana. Wametengeneza nini?"

Mzee akaiweka sawa kofia yake. Mimi nilikuwa upande wa mama, ila sikuulizwa.

"Angetafuna kwanza," mzee akasema. "Hayo mengine tungemsikiliza."

"Niliikuta nilipofua suruali zake," mama akasema, sauti ikishuka. "Kila mfuko ulikuwa na kahawa. Hakutupa hata punje moja. Anasema zawadi ya wazee haitafunwi ovyo."

Mzee akacheka taratibu mpaka kofia ikamkaa upande. Gari liliposimama Muleba akashuka, akaenda hatua chache, kisha akarudi dirishani.

"Mwambie aje tena, mama. Safari hii aje na meno."