Nyongeza Iliyomshinda Wembe

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, limeegemea ukuta chini ya dirisha, na mtu akikaa vizuri anaiona televisheni iliyomo ndani bila kuinuka. Mimi nauza kahawa hapo. Jiko langu lina mahali pake mwisho wa benchi, na wananiita Birika kana kwamba mama yangu hakunipa jina. Kinyozi mwenyewe tunamwita Wembe, na jina hilo alilipata kwa mikono yake. Alikuwa anaweza kumnyoa mtu anayecheka, na kazi ikipungua mikono hiyo hiyo ilishika pedi ya gemu ikaua majoka yaliyowashinda vijana wa mtaa mzima. Ndiyo maana kijiwe kikawa na desturi. Gemu mpya ikija, haiguswi na mtu mpaka Wembe aimalize. Tunaita kufungua njia. Akishafungua njia anatoa hukumu, tunaikubali, ndipo wengine wanapanga foleni. Lakini tangu ije ile nyongeza, yaani sehemu mpya iliyoongezwa kwenye gemu ya ufalme wa chumvi, njia ilikuwa haijafunguka, na pedi ilikuwa haijaingia mkono mwingine.

Niseme mapema, maana wenzangu hawatasema: mikono ya Wembe inatetemeka. Ilianza na kidole gumba cha kulia, tukacheka naye, tukasema ni uchovu. Sasa ni mkono mzima, na wa kushoto umeanza kuufuata. Kijiwe chote kinajua. Mimi humpimia kahawa nusu kikombe, naye hajawahi kuniuliza kwa nini wengine nawajazia. Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliniambia siku moja pembeni ya jiko kwamba alifika kwao asubuhi akamkuta dada yake anamfunga mume wake vifungo vya shati. Alipoona hivyo akarudi mlangoni, akabisha hodi upya.

Alasiri ninayoisimulia tulikuwa wale wale. Wakili alikuwepo, ambaye ni karani wa stoo lakini anabishana kama amekula kiapo. Shingoni alikuwa na plasta. Alikuwa amenyolewa na Wembe jana yake, na kila aliyeuliza alijibiwa kuwa ni kipele. Mtandao alikuwepo, fundi simu, anayetusomea habari za gemu kutoka kwa wahakiki wa nje. Na Shemeji, fundi wa kuchomelea, ambaye kwa sababu ya Wembe amekuwa shemeji wa kila mtu. Ndani, kwenye televisheni, yule bosi wa mwisho anayeitwa Mama wa Kisima aliinua mundu wake, shujaa wa Wembe akaanguka kifudifudi majini. Wembe akatoka na pedi mkononi, akakaa katikati yetu.

Wembe: Amenikata tena. Nimebonyeza kukwepa, tena mapema kabisa. Gemu ndiyo haikunisikia.

Wakili: Tumeona. Ulibonyeza.

Hakuna aliyeona. Benchi letu linaonyesha televisheni, halionyeshi vidole.

Wembe: Mtandao, hebu wasome tena hao wahakiki wako.

Mtandao: Wale wakubwa wameimwagia sifa, kaka, nimeshakwambia. Alama karibu zote. Mmoja anasema tangu aanze kazi hajaona nyongeza iliyojengwa kwa ufundi namna hii. Mwingine anasema ugumu wake ni heshima kwa mchezaji.

Shemeji: Heshima gani ya kumkata mtu kichwa hajageuka?

Wakili: Ngoja, mimi nina swali kwa huyo shahidi. Huyo mhakiki aliimaliza mwenyewe, au alikaa kwenye kochi anakunywa chai, mpwa wake akamchezea?

Wembe akacheka. Wakili akajisikia, akanyoosha miguu.

Wakili: Watu hawa wanapewa gemu kabla yetu, si ndiyo? Basi wanapewa nakala laini. Mama wa Kisima wao ni bibi kizee, anainua mundu, anapumzika, anauliza mko salama. Wetu ndiye huyu.

Wembe: Na wachezaji wenyewe? Wasome wachezaji.

Mtandao: Hao walipiga kelele sana mwanzoni. Ukurasa wa mtandaoni inakouzwa gemu ulijaa malalamiko. Wengine gemu iligandaganda kwenye mashine zao, wengine waliona ni ukatili tu. Yuko mmoja aliandika: nimemaliza gemu zote ngumu, hii si ngumu, hii ni chuki.

Wembe: Huyo. Huyo ndiye msema kweli. Msome tena.

Mtandao akamsoma tena. Maneno ya mtu huyo nimeyasikia mara nyingi kuliko majina ya wanangu. Kila Wembe akianguka, lazima asomewe, na akishasomewa mabega yake yanashuka kidogo, anarudi ndani kujaribu upya. Ila siku hiyo Mtandao alisoma haraka, macho chini.

Wakili: Sababu ni moja tu. Mhakiki anaogopa. Akiandika kwamba imemshinda, wenzake watamuuliza kwani wewe huna miko...

Macho yake yakaangukia mikono ya Wembe. Nikamimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa hakijaisha.

Shemeji: Mimi nina yangu. Hii gemu inawajua watu. Wembe amecheza ile ya mwanzo, ameimaliza vizuri, rekodi ipo humo ndani. Nyongeza ikifunguka inaangalia: aha, huyu bingwa. Basi inampa Mama wa Kisima kasi ya ziada. Mjinga anapita, bingwa anakwama.

Wembe: Hapo umesema.

Wakili: Naongezea. Umeme. Mtaa wetu uko mwisho wa laini. Umeme mpaka ufike huku umepita kwenye mashine za kusaga, mafriji ya watu, pasi za watu. Unafika umechoka. Kidole kinabonyeza hapa, amri inakwenda kwa miguu.

Shemeji: Hilo nalithibitisha kazini. Mashine yangu ya kuchomelea huku inakohoa. Ukiipeleka mtaa wa juu, inaimba.

Wakili: Unaona? Siyo mtu. Ni laini.

Wembe: Siyo mtu.

Alilisema polepole, akalirudia. Nilimuonea huruma, na wakati huo huo nikawaonea hasira wale wawili, na mimi nikiwemo. Mtu ameshika wembe shingoni mwa watu kila siku, sisi tunamtafutia laini ya umeme. Lakini ungefanya nini? Mkewe alimwambia aende hospitali, akamjibu: nikifika nitamwambia daktari nini, kwamba gemu imenishinda? Tangu hapo gemu ikawa ndiyo ngao yake. Kama kosa ni la Mama wa Kisima, basi kiti cha kinyozi bado kina mwenyewe. Kama kosa si la Mama wa Kisima, kiti hicho nani atabaki nacho?

Wembe: Mtandao, wewe leo una nini? Umenyamaza kama umefiwa.

Mtandao: Hakuna kitu, kaka.

Wembe: Sema.

Mtandao: Waliotengeneza gemu wametoa marekebisho. Juzi. Wamesikia malalamiko, wakampunguza yule mama. Kasi imepungua, mundu hauumi kama mwanzo, na mchezaji ameongezewa uhai.

Shemeji: Si ndiyo hayo. Wamekiri wenyewe. Ilikuwa na kasoro.

Mtandao: Wamekiri. Na watu wamerudi, sasa hivi wanaisifia kuliko hata wahakiki.

Wembe: Na yule wangu? Yule wa chuki?

Mtandao: Amefuta.

Wembe: Amefuta nini?

Mtandao: Yale maneno. Nilikuwa nakusomea kutoka kichwani. Ameandika mengine. Anasema ameimaliza, kumbe ilikuwa nzuri, alikuwa na haraka tu.

Wembe akaigeuza pedi, akaitazama upande wa chini kana kwamba kuna kitu kimeandikwa huko.

Wembe: Basi mambo yameisha. Niwekee hayo marekebisho, nimmalize leo hii, njia ifunguke.

Mtandao hakuinuka. Alianza kufuta kioo cha simu ya mteja kwa shati lake, na simu yenyewe ilikuwa safi.

Mtandao: Kaka, niliyaweka asubuhi, kabla hujafungua duka vizuri. Nilitaka ushinde tu, ufurahi, usijue. Umecheza nayo tangu asubuhi.

Ndani, gemu ilikuwa inaendelea kumsubiri, ule wimbo wake wa majonzi ukizunguka pale pale. Shemeji alikohoa, na nikajua anatafuta nadharia nyingine. Sijawahi kumuona mtu anatafuta kitu kwa shida namna ile.

Shemeji: Wamedanganya hao. Wamewapunguzia wa kwao, sisi wametuongezea. Ni mpango. Hawataki watu wazima kwenye gemu, wanataka watoto. Wana mitambo ya kumjua mtu mzima. Wanamjua kwa vile tu anavyoishika ped...

Akaacha. Wakili, mtu ambaye hajawahi kumwachia mwenzake neno la mwisho, alimwachia.

Ndipo akatokea yule mgeni. Mwanamume mwenye ndevu za kutosha, mkononi shati jipya limefunikwa nailoni, limening'inia kwenye hanga. Alitusalimia wote kwa adabu, akakaa mwisho wa benchi upande wangu, akaomba kahawa. Aliinywa akitazama kiti cheupe cha ndani, kioo, na taulo zilizokunjwa. Alipoona hakuna anayeinuka, akaweka kikombe chini.

Mgeni: Samahani, ndugu zangu. Nakwenda kujitambulisha ukweni kesho. Nataka kunyolewa kwa wembe, siyo mashine. Nimeelekezwa hapa, nimeambiwa hapa kuna mkono hauna mfano. Kinyozi ni nani?

Lilikuwa swali dogo, hata mtoto angelijibu. Wakili, mwenye majibu ya kugawia mtaa, akapeleka vidole kwenye plasta yake. Mtandao akatazama simu. Shemeji akanitazama mimi, nami nikachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Mgeni akadhani hatujamsikia vizuri.

Mgeni: Nauliza kinyozi. Yupo?

Wembe: Birika, nipe kahawa.

Nikachukua kikombe chake, nikamimina mpaka pale ninapoishia siku zote.

Wembe: Nijazie.

Birika: Bado ya moto sana, kaka.

Wembe: Nimesema nijazie. Kama unavyowajazia wenzangu.

Nikajaza. Aliipakata pedi, akanyoosha mkono wa kulia, ule wa jina lake, akakipokea kikombe kwa mkono huo mmoja. Kahawa ikaanza kutoka kabla hajakiinua. Ikamwagika kwenye vidole, ikamwagika kwenye suruali, ikatiririka kwenye ubao wa benchi mpaka kwa Wakili, na Wakili hakusogea. Wembe hakukiachia. Alikipandisha taratibu mpaka mdomoni, akanywa kilichobaki. Kilikuwa ile nusu ninayompa kila siku.

Akarudisha kikombe kwangu, akafuta mkono kwenye suruali.

Wembe: Mgeni, pita hilo duka la dawa, kuna kinyozi nyuma yake. Nilimfundisha kazi mimi mwenyewe. Mwambie umetumwa na Wembe, akunyoe pole pole.

Mgeni: Kwani Wembe ndiye...

Wembe: Wahi, hajafunga. Na ukweni huko kila la heri.

Mgeni akashukuru, akachukua shati lake. Alikwenda akigeuka geuka nyuma, na ndevu zake zote. Tulimsindikiza kwa macho mpaka akakata kona, maana kumtazama yeye kulikuwa rahisi kuliko kutazamana.

Wembe: Haya. Hukumu.

Wakili: Kaka, hakuna haraka ya hukumu. Hujaimaliza.

Wembe: Nimeimaliza vya kutosha. Gemu ni nzuri. Wahakiki walisema kweli tangu mwanzo. Yule mama anainua mundu, anakupa nafasi, mwenye mikono anakwepa. Ni ngumu, lakini ina haki. Umeme hauna kosa, Wakili. Njia iko wazi, chezeni.

Akaiweka pedi kwenye ubao kati yake na Mtandao, mahali palipokuwa pakavu. Kwa desturi yetu, hapo ndipo watu husukumana. Pedi ilikaa pale, taa yake ndogo ikiwaka, mpaka ikajizima yenyewe. Wakili ndiye aliyelia, kimya kimya, akijifanya anabandika plasta yake upya.

Shemeji aliinuka, akaingia dukani, akazima televisheni. Akaufunga ule wembe mrefu uliokuwa mezani, akaurudisha kwenye droo. Alipotoka alisimama mbele ya Wembe kama mtu anayeomba ruhusa.

Shemeji: Kesho nakupeleka hospitali. Nitakupitia asubuhi.

Wembe: Usije mapema sana. Dada yako bado anajifunza kunifunga vifungo.