Phyllis Chepkemboi na Mabati ya Chepnagai

Wapendwa waombolezaji, wachungaji, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya dada yetu, na mtatuvumilia tukicheka mahali fulani, kwa sababu Phyllis mwenyewe hakuwahi kukaa matangani bila kuchekesha watu.

Phyllis Chepkemboi alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 hapa Chepnagai, karibu na Kabianga, akiwa mtoto wa tatu wa hayati mzee Arap Rono na mama Rodah, akasoma shule ya msingi papa hapa, akamaliza sekondari Kericho mwaka 1974, kisha akasomea uuguzi Kisumu na kuajiriwa Kericho mwaka 1978, ambako alizalisha akina mama wengi waliopo hapa leo.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa kanisani na Benard Kipngeno wa Mulot, mwanamume mpole kwa kila jambo isipokuwa habari za ng'ombe, wakabarikiwa na Kipkemboi mwaka 1983 na Cherotich mwaka 1986, na mwaka 1988 wakahamia Minnesota, Amerika, Phyllis alipopata kazi huko. Mwaka 1991 wao na wenzao walianzisha umoja wa watu wa Kericho na Bomet, Benard akiwa mwenyekiti, na kila mgeni aliyeshuka kwenye ndege alimkuta Phyllis amemshikia koti zito na chupa ya mursik, maziwa ya mgando ya kwetu, aliyogandisha mwenyewe jikoni, ambayo, tuseme ukweli, haikuwa mursik, lakini watu waliinywa huku machozi yakiwatoka.

Mwaka 1994 umoja uliamua kusaidia nyumbani, na wanaume, wakikumbuka makundi ya ng'ombe waliyochunga utotoni, walijenga josho kubwa hapa Chepnagai, bila kujua kwamba malisho yote yalikuwa yamepandwa chai, na kila boma limebaki na ng'ombe mmoja au wawili wa kufungiwa zizini. Phyllis alipokuja likizo Agosti 1995 alikaa na akina mama kwenye kituo cha majani chai wakisubiri lori, akawauliza wanataka nini, na jirani yetu Gesare akamjibu, "Sisi tunazalia njiani kwa hii lori ya chai, na nyinyi mnatuletea bafu ya ng'ombe." Maneno hayo aliyapeleka Amerika yalivyo, akayasema mbele ya mumewe na mkutano mzima, umoja ukakaribia kuvunjika, lakini Benard, baada ya kununa vya kutosha, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono kuwaunga akina mama, na msingi wa wadi ya kujifungulia ukachimbwa hapa Januari 1997.

Novemba mwaka huo alipatikana na saratani ya matiti, akaugua kwa ujasiri hadi alipofariki Minneapolis tarehe 21 Septemba 1998, na siku zake za mwisho alimwapisha Benard amzike huko huko, ili pesa za kusafirisha mwili ziezeke wadi ambayo kuta zake zilikuwa zinanyeshewa. Benard alikubali, na ilimvunja moyo. Habari ilipofika, mama Rodah alisema tu kwamba mtoto wake hatalala kwenye theluji, akaenda kwenye kituo cha majani chai, na akina mama wa Chepnagai, Wakipsigis kwa Wakisii, wengine wakibishana na waume zao kwanza, wakatoa bonasi yao ya chai kununua mabati, ili pesa za Minnesota zimlete Phyllis nyumbani. Msumari wa mwisho ulipigwa juzi Alhamisi, na ndiyo maana leo, tarehe 10 Oktoba 1998, jeneza lake liko ndani ya wadi hii. Ni mara pekee tuliyowahi kumshinda Phyllis kwa mabishano, nasi tungefurahi sana kama angekuwepo kutujibu.

Familia inawashukuru madaktari waliomtibu, wauguzi wenzake, umoja wa Minnesota, majirani, na akina mama wa kituo cha chai. Dada, umefika kwenu. Pumzika kwa amani, mvua ije ikitaka.