Pondu Niliyomkatalia Mama Yangu

Wamama wenzangu, niacheni nisimame hapa karibu na mlango nipate hewa, maana jambo hili sijawahi kulisema mbele ya watu. Dada anayeongoza kikao ameniomba niwaeleze jinsi ninavyowalisha watoto vizuri na huku nina kazi ya kutwa nzima. Bon, nitaeleza. Lakini siwezi kuanzia jikoni. Inabidi nianzie pale nilipoanguka.

Mimi ni mshonaji. Uhuru ulinikuta na binti mmoja mkononi na mwingine tumboni, na baba yao tulikuwa tumekwisha kumzika. Nilishona katika duka moja huko Makiso, katikati ya mji. Kila mtu alitaka nguo mpya siku zile, nasi tulikanyaga cherehani toka asubuhi mpaka jua linazama.

Aliyewalisha watoto wangu ni mama yangu mzazi. Alikaa Lubunga, ng'ambo ya pili ya mto, kwenye shamba lake. Asubuhi alivuka kwa mtumbwi na kikapu chake: majani machanga ya muhogo kwa ajili ya pondu, samaki wa moshi, karanga, ndizi za kupika. Alifika kwangu akatwanga, akapika, akawalisha wajukuu, akavuka tena kurudi. Mimi nilikuta sufuria imefunikwa kwa jani la mgomba, ingali na moto. Tuliishi hivyo miaka kadhaa.

Ndugu zangu, sitawaficha. Niliona haya. Wenzangu wa kazini walisema watoto wao wanakula mkate na chai ya sukari kama watu wa mjini, na mimi nyumba yangu ilinuka mawese na samaki. Siku moja nikamngoja mama mlangoni.

"Mama, acha kujisumbua na pondu. Sasa ni uhuru. Batoto banataka mukati."

Alitua kikapu chini. Akaniuliza taratibu, "Ni bao banataka, ao ni weye?"

"Ni sisi wote, mama."

"Bon. Basi bakule mukati."

Akayaacha yale majani pale mlangoni, akashika njia ya kuelekea mtoni. Nilimtazama mgongo mpaka akapotea, na sikumwita.

Kabla wiki haijaisha, waasi waliingia mjini. Mto ukafungwa. Aliyeonekana majini alipigwa risasi. Nilikuwa nikienda ufukweni kutazama moshi wa majiko ya Lubunga, nikijaribu kukisia upi ni wa mama. Wakati mwingine nilijidanganya kwamba nasikia harufu ya pondu yake. Mto ule ni mpana, mnaujua wenyewe. Hakuna harufu inayovuka.

Na kazi haikupungua. Wakubwa walibadilika, lakini kila mkubwa alitaka suruali na shati. Niliondoka asubuhi, nikarudi nimechoka hata kuwasha moto sitaki. Mkate ulipokwisha madukani, nikawapa watoto kwanga, ule muhogo wa kufunga majanini, na chai. Asubuhi kwanga, jioni kwanga. Matumbo yalijaa, basi nikaona nimewalisha.

Mdogo akaanza kunenepa mashavu na miguu. Wamama, mimi nilifurahi! Nilikuwa na jirani, bibi mmoja Mwislamu, mjane wa fundi seremala. Nikampelekea mtoto, nikamwambia, "Bibi, ona anavyonona."

Bibi hakucheka. Alizitazama nywele za mtoto, zilizokuwa zimegeuka nyekundu na nyepesi, na mimi nikidhani ni jua. Akashika mguu wake, akabonyeza kwa kidole gumba, akaachia. Shimo likabaki pale pale kwenye nyama.

"Hii hapana kunona, mama," akasema. "Iko maji. Mutoto anakula, lakini hapati kitu."

Nilikaa chini. Nilitaka kumwita mama yangu, nikakumbuka hakuna mtumbwi. Nikasema kwa sauti, "Mimi ndiye niliyemfukuza." Bibi alitwaa kitambaa chake cha kichwa, akaniambia, "Simama. Utalia njiani."

Tukampeleka mtoto kwenye zahanati. Muuguzi alimpima, akatuonyesha jinsi ya kumlisha kidogo kidogo mara nyingi, akatuambia tumrudishe kila baada ya siku chache. Nikamwambia bibi, "Lakini mimi sina saa ya kupika." Akanijibu, "Saa hatuna hata mmoja wetu. Ndiyo maana tutapika watatu." Wa tatu alikuwa jirani yetu muuza mawese.

Na hapa ndipo jiko lenyewe, dada. Kila Jumapili tulikutana kwenye kinu kimoja, tukatwanga pondu ya nyumba tatu. Tulikaanga karanga, tukazisaga. Samaki wadogo wakavu tuliwaponda mpaka wakawa unga, tukaugawa katika makopo yenye vifuniko. Asubuhi, maharage yaliyolala majini yalichemka wakati mimi naoga na kuvisha watoto. Kisha bibi aliitoa sufuria motoni ikiwa inatokota, akaifunga kwa magunia na kuifukia kwenye kikapu cha majani makavu. Saa sita yalikuwa yameiva bila ukuni hata mmoja zaidi, na bibi akamlisha mdogo kidogo kidogo mimi nikiwa kazini. Niliporudi jioni nilichemsha upya, nikatia kijiko cha unga wa samaki na kijiko cha karanga. Muda wa kusuka nywele za mtoto mmoja, chakula tayari.

Mtoto hakupona kwa siku moja. Wiki za kwanza alinitazama tu, haombi, hataki. Uvimbe ukashuka, akabaki mifupa, nikaogopa zaidi. Kisha jioni moja nikasikia kelele uani. Alikuwa anagombana na dada yake, kila mmoja anavuta kichwa cha samaki. Nilisimama pale na mwiko mkononi, nikamshukuru Mungu kwa ugomvi ule.

Mto ulipofunguliwa nilivuka na watoto wote wawili. Nilitaka mama awaone wakila. Mlango wa nyumba yake ulikuwa umeanguka. Mwanamke wa jirani akaniambia, "Alienda mu pori na batu ya Yahuma, siku ya masasi mingi ya bunduki. Mbele ya kuenda, kila siku alikuwa anauliza batu: batoto ya binti yangu banakula?"

Nimetuma maneno Yahuma kwa kila msafiri. Mpaka leo hakuna jibu. Napika kama alivyopika, kwa majani ya Lubunga hiyo hiyo, na binti zangu wanalamba sahani. Mimi nasikia bado kuna kitu kinakosekana, na sijui ni nini.

Namshukuru bibi jirani, aliyenishika kabla ya kunihukumu. Namshukuru muuguzi, na mwenzetu wa mawese ambaye hakuwahi kuhesabu nani katwanga zaidi. Kwenu ninyi mnaotoka kazini mmechoka nasema hivi: tumbo kujaa si kushiba. Msipike peke yenu. Tafuteni wawili, chagueni siku moja ya wiki, mfanye kazi ngumu pamoja. Na yule ambaye mama yake bado anamletea kikapu, leo akifika, ampokee mzigo, amkalishe, ale mbele yake mpaka amalize. Anywe na maji. Halafu amwambie asante, mama, nimeshiba.