Siku Niliyomsemesha Baba Mkwe

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu, wazee kwa vijana, na wageni mliotembea tangu jana kuja kuabudu nasi. Naitwa Rebeka, mke wa Yakobo. Wengi mnanijua. Mnajua pia kwamba mimi si mtu wa kulia mbele za watu, kwa hiyo aliyekuja na kitambaa cha kupangusia machozi akirudishe mfukoni. Nitasema mambo yalivyokuwa, kisha nitakaa chini.

Ushuhuda wangu ni juu ya mwanangu Daudi na homa iliyotaka kumchukua akiwa na mwaka mmoja na nusu. Lakini mgonjwa hakuwa yeye peke yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefungwa, na Bwana alinifungua kando ya zizi la ng'ombe, saa sita mchana, jua likiwa utosini.

Mwaka ule Yakobo alikuwa ameandikishwa kwenda kukata mkonge Tanga, kama wanaume wengi wa huku katika enzi hizi za Mwingereza. Mimi nilibaki bomani kwa wakwe zangu. Mama mkwe ana maneno mengi lakini mkono wake ni wa kutoa, na tulipatana vizuri. Baba mkwe ndiye niliyekuwa sijamsemesha hata neno moja tangu niolewe, na huo ulikuwa mwaka wa nne.

Msinicheke, wageni. Katika ukoo nilikoolewa, mkamwana hasemi na baba mkwe. Hampi kitu mkono kwa mkono. Wakikutana njiani, mwanamke anapinda porini mpaka mzee apite. Jina lake hatulitaji, na hata leo sitalitaja hapa, mtanisamehe. Nikiwa na shida naye namwambia mama mkwe, naye anaifikisha. Na kuna jambo moja kubwa: mwanamke ambaye mume wake yuko mbali hatoki bomani na mtoto mgonjwa mpaka mwenye boma, yaani baba mkwe, aseme. Mtoto ni wa ukoo. Akikufia njiani, utajibu nini?

Hayo niliyashika kuliko amri kumi. Nasema kweli, kwa sababu amri kumi nilikuwa nazichanganya.

Ilikuwa majira ya kuamia ndege. Uwele ulikuwa umekomaa, na kila mwenye mikono alikuwa mashambani kule mbugani tangu alfajiri akiwafukuza kwa kelele na mawe. Mama mkwe alikuwa ameondoka na wifi zangu kwenda kumzika dada yake, mwendo wa siku nzima. Bomani tulibaki watu watatu: mimi, mtoto, na mzee, ambaye goti lilikuwa linamsumbua, akawa anashinda kwenye kivuli cha zizi akisokota kamba.

Jumatatu jioni Daudi aliacha kucheza. Nikamgusa, nikakuta moto. Sikuogopa. Mtoto gani hapati homa? Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nilimfunika blanketi, juu ya blanketi nikaweka ngozi, nikakoka moto karibu naye ili atoe jasho na homa itoke nalo. Maji nilimnyima, maana kwetu husemwa maji humtia mtoto baridi ya ndani. Jumanne nilichemsha majani, nikamfukiza chini ya blanketi mpaka tukakohoa sote wawili. Nilidhani ninamtibu. Nilikuwa ninampika, ndugu zangu!

Jumanne jioni alitapika uji, na kila nilichompa baada ya hapo alikitapika. Jumatano asubuhi akakataa ziwa. Huyu alikuwa mtoto wa kunyonya hata nikiwa ninapepeta mtama, lakini alilishika mara moja akaliachia, kichwa kikaanguka begani kwangu. Hapo nilijua. Sitawadanganya kwamba sikujua. Nilijua tangu asubuhi ile kwamba mtoto huyu anatakiwa dispensari, na dispensari iko upande wa Mkiwa, mwendo wa saa tatu.

Nilitoka nje. Nikamwona mzee amekaa, hatua thelathini hivi. Nikarudi ndani. Nikatoka tena, nikarudi tena. Nilitazama njia kama kuna mwanamke yeyote anapita nimpe neno alipeleke zile hatua thelathini. Hakupita mtu. Kwenda mbugani kutafuta mwanamke nisingeweza, kwa sababu kumwacha mtoto peke yake ilikuwa hatari, na kumtoa bomani ndiko nilikokatazwa. Basi nikapiga magoti. Niliomba, "Bwana, leta mtu." Niliomba hivyo asubuhi nzima, kwa imani kabisa, na mtu alikuwa amekaa pale pale anasokota kamba.

Saa sita mtoto akashikwa na degedege. Macho yaligeuka, mikono na miguu ikaruka, taya zikakaza. Mimi nikachukua kijiko nikakilazimisha kati ya meno yake, na kosa hilo nitalisema baadaye. Ilipopita, alilegea mikononi mwangu, nikaita jina lake, hakufungua macho.

Ndugu zangu, kuna woga ambao mtu huuita heshima, na akiuita hivyo anaweza kuufuga maisha yake yote. Wangu ulikufa hapo. Sikuamua kwa ujasiri, ulikwisha tu. Nilimbeba mtoto nikatembea hadi zizini, nikampa mzee mgongo ili angalau nusu ya mila ibaki, nikasema, "Baba, mtoto anakufa."

Nilisikia kamba imeanguka chini. Nilingoja kukemewa.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikamwambia tangu Jumatatu. Akasema, "Na leo ni Jumatano." Alichukua fimbo yake akatangulia, goti lile lile bovu, akishika njia ya Mkiwa. Mimi nikafuata nyuma hatua ishirini, kwa maana hata wakati huo miguu yangu ilikumbuka mila. Alitembea akichechemea, hakugeuka hata mara moja, na mimi nilikuwa nikitazama fimbo yake na kusikiliza pumzi za mtoto.

Tulipofika korongoni tulikuta maji. Mvua ilikuwa imenyesha juu huko, na yalikuwa yanafika kiunoni kwa mwanamume. Mzee aliingia, akaona mimi nimesimama ukingoni. Kwa mila ningemlaza mtoto chini, nirudi nyuma, naye amwokote. Chini palikuwa tope tupu. Alirudi mpaka ukingoni akanyoosha mikono. Nami nikamkabidhi mtoto mkono kwa mkono. Vidole vyetu viligusana. Mbingu haikuanguka, ndugu zangu. Maji yaliendelea kupita.

Dispensarini tulimkuta dresa, yule mtoa dawa na mfunga vidonda, mtu mfupi, mkali, asiyependa kurudia neno. Alipoona lile blanketi alilivuta akalitupa kando. Alimvua mtoto kila kitu, akamfuta mwili mzima kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kisha akaanza kuandaa sindano ya kwinini. Hapo nikamshika mkono. Nilimwambia mtoto ametoka kushikwa na degedege, na kwetu kila mtu anajua kuwa wa degedege akichomwa sindano anakufa. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu ninanyonya. Dresa alisema wanaokufa ni wale wanaoletwa wakiwa wameshachelewa, kisha watu huilaumu sindano. Mimi sikuachia mkono wake.

Baba mkwe alikuwa nje, maana asingeingia chumba kimoja na mimi. Sauti yake ikaja kupitia dirishani. "Mchome. Akifa, nitajibu mimi."

Nikaachia.

Jioni ile Daudi alimeza maji, kijiko kwa kijiko, na hayakurudi. Alhamisi alifungua macho akanitazama kama mtu anayenidai ziwa. Siku ya nne tulirudi nyumbani. Mwenye mapafu na apige haleluya, mimi yangu nilishaipiga.

Dresa hakuniacha niondoke bila kunifundisha, na mimi nafikisha kama nilivyopewa. Mtoto mwenye homa mpunguzie nguo, usimwongezee. Mnyonyeshe, mpe maji na uji mwepesi kidogo kidogo, hata akikataa mara ya kwanza. Moshi ni wa kukaushia nyama. Akishikwa na degedege, mlaze ubavu, usimtie chochote kinywani; mimi kwa kile kijiko nilikaribia kumvunja meno, na ningeweza kumkaba. Ikiisha usingoje ya pili, mbebe umpeleke dispensari. Akikataa ziwa, akitapika kila kitu, akilala usingizi usioamshika, akipumua mbio mbio au shingo ikikaza, mbebe. Na hata kama hana lolote kati ya hayo, homa ikilala naye ikaamka naye, usianze siku ya pili jikoni ukichemsha majani; mbebe. Nilimuuliza kama ningengoja jua lizame, ingekuwaje. Alisema nisingehitaji dispensari, ningehitaji jembe. Ni mtu mkali, lakini namwombea kila siku.

Sasa sikilizeni lililobaki, maana hilo ndilo lililonileta mbele leo.

Habari zilifika kwa wazee wa ukoo kwamba mkamwana amemsemesha mwenye boma na kumgusa mikono. Walikuja wanne, wakakaa kwenye kivuli cha zizi. Katika ukoo ule kosa kama hilo hutakaswa kwa kondoo, na kondoo hutolewa na upande wa mwanamke. Mimi nilikuwa ndani nimempakata Daudi, nikiwaza nitamtumaje mtu kwa baba yangu mzazi kuomba kondoo kwa aibu kama hii. Wakauliza aliyevunja mila ni nani.

Nikamsikia mzee akisema, polepole, kama mtu anayehesabu ng'ombe zake jioni:

"Mila nimevunja mimi. Nilimsikia mtoto akilia tangu Jumanne. Nilikuwa nangoja niletewe neno."

Akainuka akaenda kuchagua kondoo katika kundi lake mwenyewe.

Ndugu zangu! Tangu Jumanne! Hatua thelathini! Mimi ndani naomba aje mtu, yeye nje anangoja mtu aje, na katikati yetu mtoto anawaka. Kila mmoja alikuwa na heshima yake kamili. Tungemzika kwa heshima, na watu wangesema Mungu amependa. Nimeliwaza jambo hili miaka mitatu sasa, na bado nikilifikia huwa nasimama kidogo, kama hivi.

Namshukuru Mungu aliyeniokoa na ulimi uliofungwa. Namshukuru kwa mzee ambaye bado hajabatizwa, na ambaye mpaka leo hatusemezani naye, ila mtoto yeyote wa boma lile akipata joto. Hapo tunasema, na mama mkwe anatucheka.

Mtumaini Bwana, ndugu yangu, lakini usimfanye Bwana kuwa kisingizio cha kukaa. Ukimwomba alete mtu, inua macho uangalie ni nani ameshakaa karibu. Na kama kuna aliyeacha nyumbani leo mtoto wa moto, amefunikwa blanketi, akasema atamtazama baada ya ibada, asingoje baraka ya mwisho. Aende sasa. Bwana hatachukia.

Naona mama mmoja amesimama huko nyuma. Mpisheni apite.