Nilimwita Baba Yangu "Mzee wa Hapa"

Assalaam aleikum, mama zangu, dada zangu wa kikundi chetu, na nyie akina baba wachache mlioketi karibu na mlango ili mpate kutoroka. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa sauti leo, maana mwaka mzima mmeniomba niseme na mwaka mzima nimejifanya nina mafua. Leo sina mafua. Ila msinionee huruma katikati ya maneno, tafadhali, huruma inanikatisha. Ngojeni nimalize. Mwenye machozi atalia, mwenye hasira atanisema, nami nitakaa hapahapa nisikilize.

Wengi mnanijua kama yule fundi wa sola wa jirani na stendi, mwenye mdomo. Kabla ya sola nilifanya kazi miaka tisa kwenye kampuni kubwa ya kigeni inayotengeneza mitambo ya simu. Si hizi simu za mkononi, hapana. Ni yale maboksi yanayoning'inia juu ya minara, na makabati ya betri yanayokaa chini yake. Nilianzia ghalani Dar es Salaam, nafungua makatoni na kukagua vifaa, mpaka nikawa msimamizi wa saiti, mwanamke peke yangu katika watu saba.

Ndugu zangu, nawaambia, niliipenda ile kazi. Naipenda hata leo, na anayetaka kunicheka anicheke. Kifaa kipya kikitoka kwenye katoni kina harufu yake, sijaikuta mahali pengine popote. Nilikuwa nakata ule mfuko wa rangi ya fedha polepole ili nisiimalize haraka. Na zile asubuhi zetu! Kabla mtu hajashika bisibisi tulisimama duara, kila mmoja akataja hatari moja aliyoiona jana: waya umechubuka, ngazi inacheza, na kadhalika. Mwenzetu mmoja kutoka bara alikuwa mwoga wa mbwa, basi kila siku hatari yake ni mbwa. Bosi wetu mgeni, Kiswahili chake cha kuungaunga, akawa anamuuliza kabisa, "Leo mbwa wa rangi gani?" Tulicheka mpaka mlinzi anakuja kuchungulia. Saa nne tunakunywa chai ya tangawizi, tumekaa juu ya makatoni matupu, mikono ina grisi. Jamani, nimekaa na watu wengi maishani, ila wale nawakumbuka.

Kampuni ile ilikuwa na desturi moja: kazi bila picha si kazi. Umefunga nati, piga picha nati. Umebandika lebo, piga picha lebo. Umemwaga msingi wa zege, simamisha futi pembeni, piga picha namba zionekane. Kila saiti ilikuwa na orodha ndefu ya picha, na picha zikiwa sawa, kazi imepita. Mimi nilisifika kwa picha. Walikuwa wanawaonyesha mafundi wapya picha zangu, na mimi, Mungu anisamehe, kichwa kikavimba.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kidonda.

Kwetu ni delta, kule mto unakoingia baharini, upande wa Mbuchi. Shangazi alinichukua nikiwa darasa la tano nikasome Dar, kwake Temeke. Siku zangu za kwanza pale ghalani mtu mmoja alisema watu wa delta wanalala na mamba na kuamka na mbu. Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Bosi akaniuliza, "Na wewe, kwenu wapi?" Nikajibu, "Temeke." Neno moja tu hilo. Lakini uongo ukishautamka mbele ya watu lazima uulishe, na mimi niliulisha miaka tisa. Baba alikuwa akipanda boti mpaka Nyamisati ndipo apate mtandao wa kunipigia. Mimi huku nikiona namba yake nakimbilia chooni na kufunga mlango, wenzangu wasinisikie nikiongea Kindengereko na baba yangu mzazi.

Basi, ikaja saiti ya delta. Kijiji cha pili kutoka kwetu, tunatenganishwa na mkono mmoja wa mto. Nikaomba niondolewe, sikusema sababu, nikakataliwa. Tukaenda.

Siku ya tatu tuko kwenye msingi wa kabati la betri, naona mtumbwi unafunga. Anashuka baba. Kanzu imepigwa pasi, mkononi kikapu cha samaki aliowafunika kwa majani. Alisikia kampuni ya mwanawe imekuja. Akanijia anatabasamu. Na mimi, nikiwa na kofia yangu ngumu na kitambulisho shingoni, nikasema, "Shikamoo mzee." Hivyohivyo, kama ninavyomwamkia mtu njiani. Mwenzangu akauliza, "Mnajuana?" Nikasema, "Hapana, mzee wa hapa tu."

Nimesema msinionee huruma. Na huo mtandio wa kufutia machozi sitaki, ninao wangu.

Baba alinitazama. Kisha akasema, "Marahaba, bibie." Akawapa wenzangu kikapu, "Samaki hawa wa wageni." Akageuka kuutazama ule msingi wetu, akauinamia, akasema kwa adabu kabisa, "Bibie, hapa mmejenga chini. Bamvua la masika likikutana na maji ya mto, hapa yanafika kiunoni." Na mimi najua! Nimekulia kwenye maji yale. Nilipokuwa mtoto tulipandisha vyombo darini kila mwaka bahari ilipojaa bamvua kubwa. Lakini ningesema, "Mzee anasema kweli," wangeniuliza, "Wewe umejuaje?" Nikamjibu, "Mzee, mchoro umeshapitishwa." Nikasimamisha futi pembeni ya msingi, urefu uko sawasawa na mchoro, nikapiga picha. Safi sana. Baba akapanda mtumbwi wake akaondoka.

Mnara ukawaka. Baba akaacha safari za Nyamisati, sasa ananipigia kutoka barazani kwake, kila siku baada ya alasiri. Hakunigusia ile siku hata mara moja. Anasema, "Nakujaribu tu kama unasikia." Ananieleza mpunga umefikia wapi, ngedere wameharibu nini, nani kaoa. Miezi ile ilikuwa mitamu, wallahi. Na kila siku nilisema kesho nitamwomba radhi.

Masika ikaja, na bamvua likakutana na mto kama alivyosema. Maji ya chumvi yakaingia kwenye kabati, betri zikafa, mnara ukazima. Mimi niko Dar. Nikaiona taarifa kwenye kompyuta: saiti haipatikani. Timu ikaambiwa isubiri maji yapungue. Saa za baada ya alasiri zikawa zinapita simu iko kimya, nami najifariji kwamba mtandao ukirudi nitampigia mimi kwanza.

Siku ya tisa simu ikaita. Binamu yangu, yuko Nyamisati, analia. "Dada, baba alishikwa na homa, mnara umezima, hatukuweza kukuita. Tumemzika jana."

Kampuni ilifanya uchunguzi. Wakazifungua picha zangu moja moja, wakasema kazi ya msimamizi haina kasoro, tatizo ni mafuriko. Nikapewa pole na siku za mapumziko. Hakuna aliyenilaumu! Mngejua lilivyonitesa hilo, wenzangu. Laiti mtu mmoja angenifokea. Nikaandika barua ya kuacha kazi, mistari miwili, nikaja kupanga chumba hapa Kibiti. Delta ilikuwa karibu lakini sikuthubutu kurudi. Kwenye matanga ya baba nilikuwa nimekaa siku moja tu, sikuweza kumtazama mama usoni. Nikajifungia. Nilikuwa nakula siku nikikumbuka. Simu niliizima nikaifukia chini ya nguo.

Mmoja wenu ndiye aliyenitoa. Simtaji, anajijua, na sasa hivi anajifanya kutafuta kitu kwenye mkoba. Kila Ijumaa alipiga hodi na bakuli la uji, siitikii, anauacha mlangoni. Ijumaa moja akaingia bila kukaribishwa. "Mwenzangu, mimi uji umenichosha. Unaumwa nini?" Nikamwambia yote. Hakunibembeleza. Alisema, "Mficha uchi hazai. Kesho tunapanda boti, nenda ukamwambie mama yako."

Tukaenda. Mama alikuwa anapepeta mchele uani. Nikapiga magoti nikasema kila kitu: shikamoo ile, msingi ule, na mchoro. Mama akaendelea kupepeta mpaka nikamaliza. Ndipo akaweka ungo chini.

"Nayajua. Baba yako alirudi siku ile akasema, 'Mwanao ana kazi nzuri, watu wanamsikiliza.' Nikamuuliza, 'Na samaki amewapenda?' Akaanza habari za mpunga. Nilimbana mpaka akasema. Akaniapisha nisikuulize, eti utakuja mwenyewe. Baba yako alikusamehe hata mtumbwi haujafika nyumbani."

Nikalia. Mama akasema, "Usilie bado. Yeye alikusamehe. Mimi sijakusamehe. Mnara wamewasha tena, na betri wameweka palepale. Masika ijayo mtoto wa nani tena atazikiwa mzazi wake hajui? Mkataa kwao ni mtumwa, mwanangu. Nenda kawaambie wenye mchoro wao kwamba kwenu ni hapa. Ukirudi, tutaongea."

Ndugu zangu, kupanda mnara wa mita sitini ni rahisi kuliko ngazi za ofisi ile. Nikamwambia bosi, "Maji yanafika kiunoni, na niliambiwa kabla." Akauliza, "Kwa nini hukuandika?" Nikaanza kusema fomu haikuwa na nafasi. Nikajisikia ninavyodanganya. Nikasema, "Kwa sababu aliyeniambia ni baba yangu, na nilimwonea haya." Bosi akanisogezea kiti chake, akanipa karatasi. "Kaa, andika. Sasa hivi."

Sikurudishwa kazini, na sikuomba. Lakini waliniita kwa kazi ya siku nane, kuinua ule msingi. Mama alikuja na mtumbwi, na mbele ya timu nzima nikamshika mkono. "Jamani, huyu ni mama yangu mzazi. Mimi ni mtu wa hapa." Yule wa kuogopa mbwa akasema, "Kumbe! Ndiyo maana huogopi matope." Wakacheka. Nikacheka nao, na mara hii sikuwa na cha kuficha. Mama akaweka kiganja chake kwenye nguzo ya mnara, pale maji yanapofika, tukamwaga zege mpaka likapita mkono wake. Masika iliyofuata maji yalikuja, na simu hazikukatika. Jioni ile mama alinipigia kunipa radhi yake.

Nawashukuru nyie wote. Mlinipokea nikiwa sisemi na mtu, mkanikabidhi taa za sola za kikundi nizitengeneze kana kwamba mimi ni mzima. Mwenye uji, Mungu akulipe, na sukari upunguze. Fundisho langu ni dogo. Unalolijua la kwenu lisemee, hata aliye mbele yako akiwa na mchoro na muhuri. Na mzazi wako akikujia mbele ya watu, mwite kwa jina lake.

Nina ombi, halafu nakaa. Baadhi yenu, nyie akina baba wa mlangoni, mlikuwa kule delta siku ile, mkavuka maji mkamzika baba yangu nikiwa bado sijawajua. Mliuona uso wake, mkamtilia udongo, mkamwombea dua. Mimi sikuwepo. Naomba tuinue mikono, tumsomee Fatiha pamoja, nami nikiwemo. Jina lake ni baba.