Tete Laini kwa Dada Jalajakshi

Mgeni rasmi, Guru wetu Sesappa Sherigar, Mwenyekiti wa kamati ya hekalu, wazee wetu, akina mama mliotoka jikoni na nazi bado imewaganda vidoleni, na nyinyi wanafunzi wapya mliobana magoti hapo mbele kwa woga:

KARIBU NYUMBANI

Sisi wapuliza saksafoni na wapiga ngoma wa Padubailu tunakukaribisha kwa moyo mmoja. Shada la jasmini ulilovishwa limesukwa asubuhi hii, na uji wa payasa unachemka jikoni, mtamu kama unavyoupenda, daktari wako asisikie. Tunajua huna subira na risala. Mwaka jana ulimkatiza msomaji ukamwambia, "Mwanangu, kimbia kidogo, wali unapoa." Basi leo tutakimbia, isipokuwa mahali pamoja. Hapo tutatembea, na tunakuomba utembee nasi.

TULIKOTOKA

Baba zetu walipuliza zumari ndefu ya hekaluni, ile isiyotoa hata mlio mpaka mtu awe na kifua cha fahali. Ulipokuja na saksafoni walikucheka. "Sesappa katuletea bomba la kumwagilia minazi!" Leo wako wapi? Hakuna harusi ya maana kutoka hapa hadi Mangalore inayofungwa bila saksafoni, na ukiuliza nani kaleta mambo haya, hata watoto wanataja jina lako.

Na wewe ndiye uliyetuwekea desturi ya leo, siku ya Vijayadashami, siku ya kuanza masomo. Unafungua tete kwenye saksafoni yako mwenyewe, kale kabanzi kembamba kanakotetema kwenye kipulizio na kuzaa sauti. Unaligusisha machoni pako, unampa anayeanza, naye analifunga na kupuliza mbele ya watu. Kabla ya hapo haruhusiwi kupuliza tete la mtu yeyote. Sisi sote tuliosimama hapa tumepitia mkononi mwako, na tunajivunia.

TULICHOFANIKIWA

Guru, tumekua. Msimu uliopita tuliitwa harusini mpaka tukaanza kukataa, jambo ambalo baba zetu wangelisikia wangetuchapa. Lakini fanikio kubwa kuliko yote ni hili: tumejifunza kuchagua matete.

Usicheke. Zamani tulikwenda dukani tukasema, "Tupe namba anayopuliza Guru." Namba tatu na nusu, na namba ikipanda tete huzidi kuwa gumu! Kila mtu alitaka namba kubwa kama anayetafuta cheo. Mwenzetu Koragappa, mwenye kifua kipana kuliko wote, alipanda mpaka namba nne. Ikafika harusi ya binti wa Mwenyekiti. Bwana harusi ananyanyua mkufu amfunge bibi harusi, ngoma zinapamba moto, Koragappa anavuta pumzi yote ya dunia, na saksafoni ikalia kama bata aliyekanyagwa. Bibi harusi alicheka mpaka popoo ikamtoka mdomoni. Mwenyekiti, tunaona bado unakumbuka.

Basi tukakaa chini tukaanza kujaribu. Tukagundua kwamba kipulizio chenye mdomo wazi kinataka tete laini zaidi, hata kwa mpulizaji mzoefu, na kwamba namba tatu ya kiwanda hiki si namba tatu ya kile. Tukajua kulitazama tete kwenye mwanga kabla ya kulifunga: nyuzi zimenyooka, pande zote mbili zina unene mmoja, rangi ni ya dhahabu na si ya kijani. Mzoefu asing'ang'anie moja; awe na manne matano ya kubadilishana, na wakati wa mvua ayafute na kuyalaza bapa, yasipinde wala kuota ukungu. Anayeanza apewe namba moja na nusu, au mbili. Midomo ikipata nguvu atapanda nusu namba, taratibu. Akibaki kwenye laini mno sauti itamtoka kama ya nyigu, naye mwenyewe ataona kuwa wakati umefika.

Koragappa sasa yuko namba mbili na nusu. Ule mvuto wa sauti kutoka noti hadi noti, ambao wewe unasema ndio roho ya muziki wetu, kwake unateleza kama samli. Na hakuna aliyemwona amepungua. Ni tumbo tu limeongezeka.

LINALOTUUMA

Hapa ndipo tunapotembea, Guru.

Mwaka jana, siku kama ya leo, alisimama mbele yako dada Jalajakshi, mviringishaji wa bidi, zile sigara za majani, dada yake marehemu Dooma aliyekuwa mpulizaji wetu wa kwanza. Dooma alimwachia saksafoni. Ukampa tete lako. Akalifunga, akapuliza. Ikatoka hewa tupu. Akapuliza tena mpaka macho yakamtoka. Hewa. Nawe ukasema, na uwanja mzima ukasikia, "Dada, pumzi huna. Rudi kwenye bidi zako."

Akarudi. Wala hakunung'unika. Tete lako akalifunga katika kitambaa cha manjano akaliweka mbele ya picha ya mungu wetu Mama Durga, akawa analiwashia taa.

Mwezi wa Aati, mvua inapokata barabara na harusi hakuna, Koragappa alikwenda kumjulia hali. Akamwambia, "Dada, hebu nilione hilo tete." Akalifunga kwenye saksafoni yake. Kifua kile kile, Guru, mnachokijua wote. Ikatoka fyuuu.

"Ah! Hili si tete," akasema, "huu ni ubao wa mlango!"

Lilikuwa jipya. Ulikuwa umelibadilisha jana yake kwa heshima ya sikukuu. Sisi wa zamani ulitupa matete yaliyokwisha kuchoka na kulegea mdomoni mwako, tukapuliza, yakalia, tukadhani ni vipaji vyetu. Na wapo waliopewa magumu kabla yake wakaondoka vichwa chini, mmoja anauza samaki Udupi, na mpaka leo anaamini muziki haumo damuni mwake. Hilo linatuuma sana.

Koragappa alimpa dada Jalajakshi namba moja na nusu pale pale. "Puliza, hakuna anayekuona."

Dada akakataa. "Kaka, sitaki la kujificha. Guru alinikataa mbele za watu, anikubali mbele za watu."

Hajapuliza mpaka leo. Lakini kila jioni, akimaliza bidi zake, anavaa saksafoni ya Dooma shingoni na kubonyeza vitufe bila kupuliza. Tumekaa naye, tumemsimamia. Vidole vyake vinazijua nyimbo zote za harusi, kuanzia ya kumpokea bwana harusi hadi ya kumuaga bibi harusi, na hakuna aliyewahi kuzisikia. Asiporuhusiwa leo, amesema ataiuza saksafoni ya kaka yake. Yule pale, mstari wa mbele, mwenye sari ya kijani.

TUNACHOOMBA

Guru, hatuombi desturi ife. Mkono ubaki huo huo, macho yako yabaki hayo hayo, baraka ibaki hiyo hiyo. Ibadilike namba tu.

Katika sahani iliyo mbele yako, juu ya majani ya tambuu, kuna matete mawili tuliyoyalowesha maji ya kisima cha hekalu. Hakuna mdomo ulioyagusa. La kulia ni namba moja na nusu. Tunakuomba ulifunge kwanza kwenye saksafoni yako na kulipuliza wewe, watu waone kwamba ulaini si aibu. Kisha uligusishe machoni, umpe dada Jalajakshi.

La kushoto ni namba mbili na nusu, na hatukumwambia mtu ni la nani. Alfajiri ya leo tulikusikia ukipuliza hekaluni. Tulisikia mvuto ule mrefu ulipokatika katikati, ukajifanya unakohoa. Guru, sisi ni wanafunzi wako. Kikohozi chako tunakijua.

Mama Durga akuongezee pumzi, na nyumba yako isikose sauti. Tumemaliza, na wali haujapoa.

Dada Jalajakshi, simama.

Ni sisi, wanao,
Kikundi cha Saksafoni na Ngoma, Padubailu