Komeo Liwe kwa Ndani

Sogeeni wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena, na wewe mwanangu mkubwa zima hiyo simu, anayekutafuta atakupata, lakini mimi leo nikiponyoka nimeponyoka. Kitinda mimba, rudishia mlango. Ndiyo, najua komeo liko wapi, liko nje, na tangu fundi wenu alipolipigilia nimekuwa nikilala humu nikilisikia likiingia kila nikishapewa dawa, halafu miguu yenu inaondoka. Mnasema nitatoka nianguke tena kule karakana. Sikatai, nilianguka. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi nimeanza kuijua kabla ya kufa: dirisha lina nondo, mlango hauna kitu upande wangu, na kuta nilizozipaka rangi kwa mkono wangu zinanisogelea. Naogopa, wanangu. Mzee mzima na mvi zangu, naogopa.

Sasa sikilizeni kwa nini Bwana Mlangoni alikataa kuwapigilia hilo komeo, maana nimewasikia mkipanga kumtoa chumba cha uani nikishazikwa, mkisema amekuwa jeuri, mfungwa ni mfungwa tu. Ugonjwa umenila miguu, masikio umeniachia.

Mlikuwa wadogo mimi na marehemu mama yenu tulipoanza kwenda gerezani Jumapili baada ya ibada, na tukawa tunangoja pale getini wale wanaotoka wakiwa hawana wa kuwapokea. Wa kwanza tulimpa godoro, shuka na sabuni, tukajiona watakatifu. Asubuhi mama yenu akamkuta amesimama nyuma ya mlango, amevaa, kikombe mkononi, anangoja kufunguliwa, na mlango wenyewe haukuwa umefungwa. Mama yenu alilia, akajifuta kwa kanga, kisha akatoa amri ambayo hata mchungaji hakuipinga: kila anayeingia uani, kabla ya mafundisho, kabla ya kazi, achonge komeo lake na alipigilie kwa ndani. Akishajifungia mwenyewe na kujifungulia mwenyewe, ndipo tuzungumze naye habari za Mungu. Baada ya hapo tulitembea nao, kanisani, hospitalini, hata kwa mama zao waliowakosea, tukikaa pembeni wakati wanaomba radhi. Kuomba tuliomba, na randa ya seremala tulishika.

Si wote walisimama. Mmoja alituibia redio, akarudi mwaka uliofuata kuomba betri. Mama yenu akampa chai kwanza, matusi baadaye. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Bwana Mlangoni ndiye aliyekaa kuliko wote. Komeo lake ndilo zuri kuliko yote niliyowahi kuona, lakini mlango wa mtu mwingine hajaufungua hata leo. Husimama nje kimya mpaka aambiwe ingia. Siku mama yenu alipokuwa anakata roho alimwita, na sisi tukiwa tumechanganyikiwa na kilio hakuna aliyekumbuka kumwambia ingia, basi mama yenu akaondoka huku yule mtu amesimama nje na glasi ya maji. Hilo linamla mpaka leo. Na mtu wa namna hiyo ndiye mliyempa nyundo mkamwambia amfungie baba yenu kwa nje! Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hakuwa jeuri. Alinihurumia kuliko ninyi mlionizaa.

Basi, nyumba hii ni ya binti yangu, kwa sababu ndiye aliyenigeuza kitandani bila kukunja uso. Usilie mama, najua komeo ulilitaka kwa mapenzi. Karakana ni ya mkubwa, zana ni za kitinda mimba, ili mlazimike kusemeshana. Chumba cha uani hakirithiwi. Atakaa Bwana Mlangoni, na baada yake atakayetoka asiwe na wa kumpokea, na mmoja wenu atamngoja getini. Asiyetaka hilo asiniite baba.

Yule mzee wa kanisa ambaye mkewe alihamisha mkoba siku tulipowakalisha watu wetu benchi lake, nimemsamehe. Mpeni kiti msibani. Mkoba aushike mwenyewe.

Na hilo komeo ling'oeni leo. Msingoje nife, nataka kufa nikiwa mtu anayeweza kutoka... Nipeni maji. Kidogo tu.

Tazameni chini ya mlango. Mnaviona vile vivuli viwili? Ni miguu yake. Amesimama hapo tangu mlipoingia. Mkubwa, kaa chini. Nimewaambia kaeni! Hakuna wa kumwambia ingia, hakuna wa kumfungulia. Nimemngoja miaka yote hii, nitamngoja na... na hii pumzi.

Mungu awape mikono ya kufungua, wanangu. Awape watoto wasiowaogopa. Msigombane juu ya... mbao zile za mvule, mnitengenezee sanduku, lisiwe na... lisiwe zito. Mama yenu amezikwa upande gani? Huku? Sawa.

Nyamazeni.

Kitasa... kitasa kinazunguka. Msimsaidie. Mwacheni, mwacheni... Ee Bwana.

Karibu, mwanangu. Umefungua mwenyewe. Hapana, usirudishie. Uache wazi.